Westsail 32 au Catalina 30: namba za boti ya matanga zisomwe vipi?

SWALI: Shikamoo nahodha. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Baltimore na mke wangu na watoto wawili. Nimekulia ndani ya mashua ya ami yangu, lakini boti hizi za faiba siwezi kusema nazijua. Nataka kununua moja iliyotumika, ya kutembelea ghuba ya Chesapeake wikendi, na baada ya miaka miwili mitatu tufike Bermuda. Nimepata mbili za bei inayokaribiana, Westsail 32 na Catalina 30. Kila tangazo lina namba chungu nzima: D/L, SA/D, kipimo cha kupinduka, kipimo cha starehe. Kwa namba hizo Westsail ni salama lakini ni konokono, na Catalina ni nyepesi lakini imegusa mstari wa hatari. Nizisadiki? (Mtanga wa Baltimore)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza jambo ambalo katika miaka yangu ya kukagua boti nimeona likiwapeleka watu kombo mara nyingi. Namba hizo si za uongo. Shida ni kwamba karibu zote zimezaliwa na namba moja, uzito wa boti, na uzito ulioandikwa kwenye tangazo ni wa boti isiyo na mtu, maji, chakula wala nanga ya pili. Boti hiyo ilikuwepo siku ilipotoka kiwandani, leo haipo. Kwa hiyo tusilinganishe chochote kwanza. Tutafute uzito wa boti utakayoipanda wewe, shemeji na watoto, halafu tupige hesabu upya.

Vipimo vya kiwandani ni hivi. Westsail 32 ina urefu wa futi 32, mstari wa maji (urefu wa boti pale inapokutana na maji) futi 27.5, upana futi 11, kina futi 5, uzito ratili 19,500, farumi (uzito wa chini wa kuisimamisha boti) ratili 7,000, matanga futi za mraba 629. Catalina 30 ina urefu wa futi 29.9, mstari wa maji futi 25, upana futi 10.8, kina futi 5 na inchi 3 kwa ile ambayo mkuku wake (uti wa chini ya boti) unazama zaidi, uzito ratili 10,200, farumi ratili 4,200, matanga futi za mraba 446. Kwa urefu zinapishana futi mbili tu, lakini moja inakaribia mara mbili ya uzito wa mwenzake.

Si ajabu, maana nasaba zao ni mbali. Westsail ilichorwa na William Crealock akifuata mchoro wa William Atkin wa miaka ya 1920, naye Atkin alifuata boti za uokoaji za Norway za Colin Archer. Omo (mbele) imechongoka, tezi (nyuma) imechongoka, na mkuku unakwenda kutoka mbele hadi nyuma kama ule wa mashua ya ami yako. Catalina 30 ni kazi ya Frank Butler wa California, na zilitengenezwa zaidi ya 6,000. Mkuku wake ni kama pezi lililoning'inia chini ya tumbo, na usukani umesimama peke yake nyuma. Ilikusudiwa familia ya kutoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili, na kwa kazi hiyo sijaona nyingi za bei yake zinazoishinda.

Nianze na kasi, kwa sababu haina maneno mengi. Chombo kinapokwenda huzaa wimbi lake, na kadiri kinavyokwenda kasi ndivyo wimbi hilo linavyorefuka. Wimbi likishakuwa refu sawa na mstari wa maji, omo imekaa kwenye kilele kimoja na tezi kwenye kingine, na kuanzia hapo boti inataka kupanda mlima wake yenyewe. William Froude alichunguza mambo haya kwa boti ndogo za mfano ndani ya bwawa alilolijenga Torquay, Uingereza, miaka ya 1870. Mabaharia wamebaki na hesabu nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha futi za mstari wa maji, zidisha kwa 1.34, unapata noti, yaani maili za baharini kwa saa. Catalina ni noti 6.7, Westsail ni noti 7. Umeona? Huyo unayeambiwa konokono ana dari ya juu kuliko mwenzake. Lakini ni dari tu. Kinachoamua kama boti itaifikia, na kwa upepo gani, ni uzito na matanga.

D/L ni uzito ukilinganishwa na urefu wa mstari wa maji. Unachukua uzito kwa tani ya ratili 2,240, unagawanya kwa mchemraba wa sehemu moja ya mia ya urefu huo kwa futi. Westsail inatoka karibu 419, Catalina 291. Boti za safari za kawaida huwa kati ya 200 na 350. Iliyopita 400 ni jahazi lenye shehena hata kabla hujapakia kitu. SA/D ni eneo la matanga ukilinganisha na uzito: futi za mraba za matanga, gawanya kwa futi za ujazo za maji ambayo boti inayasukuma (ratili gawanya kwa 64, ndio uzito wa futi moja ya ujazo ya maji ya chumvi), zikiwa zimepandishwa kwenye kipeo cha theluthi mbili. Usiogope, kikokotoo cha simu kinatosha. Catalina inatoka 15.2, Westsail 13.9. Chini ya 14 boti ni nzito kwa matanga yake, 16 hadi 18 ni boti ya safari yenye uhai, kupita 20 unakaribia za mashindano. Ukikuta tangazo linadai 19 kwa boti ya zamani ya familia, uliza wamehesabu tanga gani la mbele. Wauzaji hupenda kuweka lile kubwa linalopita mlingoti na kurudi nyuma, wakati hesabu ya kulinganisha huchukua pembetatu ya mbele ya mlingoti tu.

Sasa tupakie. Watu wanne ratili 550. Maji lita 200, ratili 440. Mafuta 150. Chakula cha wiki mbili 250. Nanga mbili na minyororo yake 350. Boti ya uokoaji na kidau cha mpira chenye injini yake 250. Zana, nguo, matanga ya akiba, vyungu na vitabu vya watoto 500. Tumefika karibu ratili 2,500, na sijaweka jenereta wala kiyoyozi. Catalina sasa ni ratili 12,700, na SA/D yake imeshuka kutoka 15.2 hadi 13.1. Westsail ni ratili 22,000, imeshuka kutoka 13.9 hadi 12.8. Tofauti uliyoiona kwenye matangazo karibu yote imeyeyuka. Boti nyepesi imepoteza asilimia 14 ya nguvu yake, nzito imepoteza 8. Hii ndiyo sababu watu wanaohamia ndani ya boti kwa miaka hupenda nzito: mzigo uleule wa familia kwake ni kitu kidogo.

Na usidhani ratili 2,500 nimetia chumvi. Niliwahi kukagua boti moja ya futi 30, sitaitaja, ya familia iliyokuwa imeishi ndani miaka sita. Karatasi ilisema ratili 10,000 na kidogo. Ilipoinuliwa na kreni ya mikanda, mizani ikasoma 13,400. Mwenyewe akasema mizani mbovu. Tukafungua makabati pamoja. Chini ya kitanda cha omo kulikuwa na mnyororo futi 200, ratili mia tatu na zaidi ukiwa peke yake, tena umewekwa mbele kabisa mahali ambapo boti haitaki uzito. Betri sita. Cherehani ya chuma ya kushonea matanga. Injini ya kidau ambayo haikuwa ikiwaka. Na chini ya sakafu, safu mbili za makopo ya nyanya yaliyokwisha kuota kutu. Yule bwana alikaa kimya, akachukua kopo moja akaligeuza kusoma tarehe. Kwa miaka miwili alikuwa akilaumu matanga kwamba yamechoka.

Kuna jambo lisiloonekana kwenye namba yoyote kati ya hizo: eneo la ganda linalolowa maji. Mkuku mrefu wa Westsail unasuguana na maji mengi, na katika upepo mdogo msuguano ndio adui mkubwa, wala si wimbi. Chesapeake ya Julai na Agosti ni hiyo hasa, upepo wa kupepea uso tu na joto linalonata. Hapo Catalina itakuwa inakwenda noti tatu na Westsail imesimama, ingawa ukipakia zote mbili SA/D zinakaribiana. Upepo ukipanda hadi noti 20, mambo yanabadilika: Catalina inaanza kulala na kuomba upunguze tanga, Westsail ndiyo kwanza inaamka.

Ndiyo maana, kama utaniuliza namba ninayoiamini kwa kasi, nitakuambia ni alama ya mashindano, ile inayoitwa PHRF huko Marekani. Haitoki kwenye kanuni ya hesabu pekee. Kamati huangalia jinsi boti za aina hiyo zilivyokwenda kweli, kisha hutoa sekunde ngapi kwa kila maili ya baharini boti ipewe kama nafuu. Alama ikiwa kubwa, boti ni ya polepole. Catalina 30 kwa kawaida hupewa kati ya 170 na 195, kutegemea mlingoti na mkuku, na Westsail 32 hupewa zaidi ya 200. Chukua tofauti ya sekunde 30 kwa maili. Kutoka mdomo wa Chesapeake hadi Bermuda ni zaidi ya maili 600 za baharini, kwa hiyo tofauti hiyo ni saa tano na kitu katika safari ya siku tano au sita. Kwa safari hiyo, sioni kama saa tano zina uzito wa kukuamulia boti. Kwa Jumamosi alasiri ya Agosti, watoto wakiwa wamechoka na jua, zina uzito sana, maana pale tofauti ya kweli ni kwenda kwa tanga au kuwasha injini.

Tuje kwenye kilichokutia hofu, kipimo cha kupinduka. Unagawanya upana wa boti kwa kipeuo cha tatu cha futi za ujazo za maji inayoyasukuma. Ikitoka chini ya 2, wanasema inafaa bahari kuu. Westsail ni 1.63, Catalina ni 2.0 kasoro nukta.

Kipimo hiki kilizaliwa na msiba. Agosti 1979 boti 303 ziliondoka Cowes, Uingereza, kwa mashindano ya Fastnet, na dhoruba ikazikuta katika bahari kati ya Uingereza na Ireland. Mabaharia 15 wa mashindano hayo walikufa, na boti 24 ziliachwa na watu wake. Katika daraja la boti ndogo kabisa ni moja tu iliyomaliza: Assent, boti ya aina ya Contessa 32. Ni boti nyembamba, upana futi 9.5, na farumi yake ni ratili 4,500 kati ya uzito wa ratili 9,500, karibu nusu nzima. Uchunguzi uliofuata ulilinganisha uwezo wake wa kujirudisha na wa boti moja ya mashindano ya zama zile. Ile ya mashindano, ikishalala kupita nyuzi 117 hivi, ilitaka kuendelea hadi juu chini. Contessa iliendelea kutaka kusimama hadi kupita nyuzi 150. Wamarekani nao, katika utafiti wao baada ya msiba huo, wakatunga kanuni nyepesi ya upana na uzito ili mtu apate kuchuja boti harakaharaka bila michoro ya mhandisi.

Ni kichujio, ndugu yangu, na kina tundu kubwa. Rudi kwenye Catalina tuliyoipakia ratili 2,500: kipimo chake sasa ni 1.86. Kwa mujibu wa kanuni, kwa kununua vyakula na mnyororo tumeifanya salama zaidi! Tena kanuni haiulizi mzigo umekaa wapi. Ukifunga ratili hizo 2,500 juu ya paa la kibanda, itakupa 1.86 ileile, na wewe uliyekulia baharini unajua chombo hicho kitakuua. Ami yako alipokuwa akipanga mawe ya farumi kabla ya kuvuka kwenda Pemba hakuuliza yana uzito gani tu, aliuliza yatakaa chini kiasi gani. Swali hilo ndilo kipimo hiki hakiwezi kulijibu.

Linalolijibu ni mkunjo wa kujirudisha, mchoro unaoonyesha boti ina nguvu kiasi gani ya kusimama katika kila nyuzi inapolala, na ni nyuzi ngapi inapokata tamaa. Kwa boti mpya zinazouzwa Ulaya kama za bahari kuu, kanuni ya leo inataka boti ya tani 5 ijirudishe hadi angalau nyuzi 120. Hizi zako mbili ni za enzi kabla ya kanuni hiyo, kwa hiyo hutaikuta kwenye karatasi zake. Waulize wamiliki wa aina hizo, au mhandisi akupigie hesabu. Kwa Westsail ushahidi mmoja uko karibu na nyumbani kwako. Katika dhoruba kubwa ya mwishoni mwa Oktoba 1991, Westsail 32 moja iitwayo Satori iliachwa baharini baada ya watu wake kuchukuliwa na helikopta ya walinzi wa pwani. Baadaye ilikutwa imekwama kwenye mchanga wa kisiwa cha Assateague, ganda zima. Safari moja haithibitishi boti zote, lakini inasema kitu kuhusu ganda lile.

Kipimo cha starehe nitakipitia haraka. Kilitungwa na mchoraji Ted Brewer kulinganisha ni boti ipi itakayokurusharusha. Westsail inapata 42 na nusu, Catalina karibu 25. Hiki nakiamini kwa kiasi chake. Mwendo wa boti nzito ni wa polepole, tumbo la mtu linauvumilia, na mtu asiyetapika hupika, hulala, na hufanya maamuzi mazuri. Ukivuka mkondo wa Gulf Stream huku upepo wa kaskazini mashariki unaupinga, mawimbi husimama wima na kukaribiana. Umeyaona yale ya mkondo wa Pemba kaskazi likivuma dhidi ya maji yanayokwenda kaskazini. Fikiria hayo, makubwa zaidi, usiku, na mtoto wa miaka saba ndani. Pale 42 na 25 si namba tena.

Basi nikuambie ningefanya nini mimi. Ningechukua Catalina, nitembee nayo Chesapeake miaka hiyo miwili. Ghuba ile kina chake cha wastani ni futi 21 tu na upepo wake wa kiangazi ni mdogo, kwa hiyo boti nyepesi inayogeuka haraka itatoka gatini mara nyingi zaidi, na watoto watajifunza bahari kwa kutoka, si kwa kuisubiri Bermuda. Mlango wake mpana na sehemu kubwa ya kukaa nyuma ni raha bandarini, na ndivyo hivyohivyo visivyonipendeza wimbi likiingia kwa nyuma katikati ya bahari. Kwa Bermuda ya kwanza ningeomba nafasi ya ubaharia kwenye boti ya mtu mwingine, mwezi wa Mei au Juni. Ukirudi na bado roho inataka, hapo ndipo utafute Westsail, tena kwa uangalifu, maana nyingi ziliuzwa kama ganda na mnunuzi akamalizia mwenyewe. Moja inaweza kuwa kazi ya fundi hodari na nyingine ya mtu aliyeishiwa pesa katikati, na uzito wake usiamini hata kidogo mpaka mizani iseme.

Lakini kama Westsail uliyoipata imetunzwa vizuri na moyo umeishaikubali, usikate tamaa kwa sababu ya maneno yangu. Ipime tu. Nenda asubuhi maji yakiwa shwari, usimruhusu mtu asimame juu, kisha zunguka na kidau ukiangalia mahali rangi ya chini inapoishia na mahali mwani ulipojishika. Mwani ukiwa umepanda juu ya rangi, boti inakaa chini kuliko ilivyochorwa. Kwa boti za ukubwa huu kila inchi moja ni ratili 800 hadi 1,000 hivi. Pima omo, pima katikati, pima tezi, na uandike zote tatu, kwa sababu boti iliyoinama mbele ina mzigo mahali pabaya. Halafu weka kwenye mkataba kwamba siku ya ukaguzi, ikiwa kwenye mikanda ya kreni, mizani isomwe mbele yako. Nyingi za kreni hizo zina mizani, na huwa hawaisomi kwa sababu hakuna aliyeomba. Ukiipata namba hiyo niandikie pamoja na vipimo vitatu vya mwani, nami nitakupigia hesabu zote upya kwa boti yako hiyohiyo.